Mzee Barak na deni la kukiri

Muhula uliopita idara yetu ilipata mgeni, mhadhiri wa isimu kutoka Melbourne, nchini Australia. Kabla hajatamka neno lolote juu ya mada iliyomleta, alisimama akataja jina la watu ambao wengi wetu tulikuwa hatujapata kuwasikia, Wawurundjeri. Alikiri kwamba chuo anachofundisha kimejengwa juu ya ardhi yao, na kwamba ardhi hiyo hawakuitoa kwa hiari. Akawapa heshima wazee wao waliotangulia na walio hai, kisha ndipo akaanza mhadhara wake. Baadhi ya wanafunzi walitazamana. Wengine walidhani ni dua.

Mgeni alipokwisha kuondoka, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata ofisini na swali ambalo, nakiri, sikuwa na jibu lake papo hapo. Aliuliza: ikiwa mtu anakubali hadharani kwamba ameketi katika kiti cha mwenzake, mbona hainuki? Na ikiwa hana nia ya kuinuka, basi ya nini kuyasema?

Swali hilo halikuniacha. Nilikwenda maktabani, na huko nikakutana na maisha ya mzee mmoja aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita, ambaye jina lake hutajwa kila mara watu wa Melbourne wanapozungumzia wenyeji wa kwanza wa mji wao. Jina lake ni William Barak. Naomba walimu wenzangu na wanafunzi waniruhusu niyasimulie maisha yake, maadamu naamini kwamba jibu la swali la kijana yule limo humo.

Barak alizaliwa mnamo mwaka wa 1824 karibu na kijito kiitwacho Brushy Creek, mashariki ya mahali ambapo leo pamesimama jiji la Melbourne. Wakati huo hapakuwa na jiji wala jina hilo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Beruk, ambalo ni jina la funza mweupe aishiye ndani ya mti wa mkaratusi. Asidhani msomaji kwamba hilo lilikuwa jina la dharau. Jina lenyewe la Wawurundjeri limeundwa kwa maneno mawili: wurun, yaani aina ya mkaratusi mrefu unaoota kandokando ya mito, na djeri, yaani funza apatikanaye humo. Ni watu waliojiita kwa jina la mti wao na chakula chao. Kwa hiyo mtoto alipoitwa Beruk, alikuwa amepewa jina na anwani kwa wakati mmoja.

Lugha yao huitwa Woiwurrung, mojawapo ya lugha za jamii ya Wakulin. Sisi wanaisimu huvutiwa na jinsi lugha hizo zinavyotajwa. Wurrung ni mdomo, au usemi. Woi ni hapana. Jirani zao waliokaa pwani walisema hapana kwa neno jingine, na lugha yao ikaitwa kwa neno hilo. Hivyo basi, watu wale walitambuana kwa namna walivyokataa. Nasikitika kusema kwamba walipofikiwa na wageni kutoka ng'ambo, hapana yao haikusikika kwa muda mrefu sana.

Mto mkubwa wa nchi hiyo waliuita Birrarung. Mwaka wa 1835 mpima ardhi mmoja Mwingereza, John Helder Wedge, aliwasikia wenyeji wakitamka neno yarra walipokuwa wakionyesha maji yanayoporomoka juu ya mawe. Akadhani wametaja jina la mto, akaliandika katika ramani. Tangu siku hiyo ulimwengu mzima unauita Mto Yarra. Mfano huu huwapa wanafunzi wangu kicheko. Lakini kicheko huisha tunapotafakari kwamba aliyekosea ndiye aliyekuwa na kalamu.

Mwaka huo huo wa 1835, Beruk akiwa mtoto wa miaka kama 11 hivi, palitokea jambo lililobadilisha kila kitu. Mfanyabiashara aitwaye John Batman alivuka bahari kutoka kisiwa cha Tasmania akiwa na hati zilizoandikwa tayari kwa Kiingereza cha mawakili. Tarehe 6 Juni alikutana na wazee wanane wa Kikulin kando ya kijito. Kwa mujibu wa hati zake, wazee hao walimwachia ekari zipatazo 600,000 za ardhi, nao wakapewa mablanketi, visu, mashoka, vioo, mikasi, mashati na unga, na ahadi ya kupewa vitu kama hivyo kila mwaka. Barak alipokuwa mzee alikuwa akisimulia kwamba yeye mwenyewe alikuwapo siku ile, akitazama kwa macho ya kitoto.

Je, wazee wale waliuza nchi? Wataalamu wengi wa historia hawakubali. Katika sheria ya Wakulin ardhi haikuwa mali ya kuuzwa. Ukoo ulikuwa mlinzi wake, nao ulirithishwa ulinzi huo pamoja na nyimbo na wajibu wake. Lakini walikuwa na desturi iitwayo tanderrum. Mgeni aliyetaka kupita katika nchi ya wengine alisubiri mpakani mpaka wenyeji wamkaribishe. Walimpa maji, wakamkabidhi matawi na majani ya miti ya nchi yao kuwa ishara kwamba ameruhusiwa kuyatumia mazao yake kwa muda, naye kwa upande wake akawajibika kutii sheria ya mahali pale. Yaelekea wazee walidhani kwamba Batman, pamoja na zawadi zake, amekuja kupiga hodi. Nao wakamwitikia karibu. Mswahili anayejua adabu ya hodi na karibu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anayekaribishwa sebuleni hakukabidhiwa nyumba.

Isitoshe, hata mkataba huo wenye kasoro haukuachwa usimame. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Gavana Richard Bourke, akiwa Sydney, alitoa tangazo la kuubatilisha. Pengine msomaji atafikiri kwamba aliubatilisha kwa kuwahurumia wenyeji. La hasha. Sababu aliyoitoa ni kwamba ardhi yote ilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine mwenye haki ya kuiuza au kuigawa. Kwa tangazo moja, watu ambao wazazi wao walikuwa wameishi pale kwa maelfu ya miaka waligeuzwa wapita njia katika nchi yao wenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda kasi mno. Kondoo waliletwa kwa maelfu. Wakaila murnong, mmea wenye kiazi kitamu ambacho wanawake wa Kikulin walikichimba kwa vijiti, na ambacho kilikuwa chakula chao cha kila siku. Kwato zikaishindilia ardhi iliyokuwa laini kwa kuchimbuliwa kizazi baada ya kizazi. Njaa ikaingia, maradhi yakafuata, na bunduki haikuwa mbali. Beruk alisomeshwa kwa miaka michache katika shule ya misheni iliyofunguliwa na serikali mwaka wa 1837. Mwaka wa 1844 alijiunga na kikosi cha polisi wenyeji, na jina la William likaambatana naye. Siwezi kulificha jambo hili, kwani kikosi hicho kilitumiwa na serikali ya kikoloni, na mara nyingine dhidi ya Waaborijini wa sehemu nyingine. Maisha ya mtu mkubwa si lazima yawe meupe kama karatasi. Kijana aliyenyang'anywa nchi alivaa sare ya aliyemnyang'anya, kama walivyofanya vijana wengi wa Kiafrika katika karne iliyofuata.

Uongozi wa Wawurundjeri ulikuwa mikononi mwa mkuu aitwaye kwa lugha yao ngurungaeta. Ami yake Barak, Billibellary, alikuwa ngurungaeta mwenye sifa kubwa. Baada yake alifuata mwanawe, Simon Wonga. Mwaka wa 1859 Wonga aliwaongoza wenzake kwenda Melbourne kuiomba serikali iwape kipande cha ardhi wakilime na kuishi humo kwa amani. Walipewa mahali karibu na mto Acheron, wakalima, kisha wakahamishwa kwa ajili ya maslahi ya wafugaji. Mwaka wa 1863 Wonga na Barak waliwaongoza watu wao kuvuka milima mpaka mahali ambapo kijito cha Badger huingia katika Birrarung, karibu na Healesville ya leo. Wakapaita Coranderrk, kwa jina la kichaka chenye maua meupe kinachoota pale. Serikali ikawatengea ekari 2,300, na miaka mitatu baadaye eneo hilo likaongezwa likafika ekari 4,850.

Hapa ndipo ulipojengeka ujirani ambao, kwa maoni yangu, unastahili kufundishwa madarasani. Msimamizi wao wa kwanza, John Green, alikuwa mhubiri kutoka Skotlandi aliyeamini kwamba watu hutawaliwa vyema wanapojitawala. Makosa yaliamuliwa na wakazi wenyewe katika baraza lao. Walijenga nyumba, wakalima mboga na nafaka, wakafuga ng'ombe. Baadaye walipanda mihopi, mmea utumiwao katika kutengeneza bia, na mavuno yao yakapata bei nzuri katika soko la Melbourne. Watu waliodaiwa kuwa hawawezi kulima walilima vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Kumbe kufanikiwa ndiko kulikowaponza. Ardhi iliyoonekana haina thamani ilipogeuka shamba zuri, jirani zao walowezi waliitamani. Bodi iliyowekwa na serikali kuwalinda Waaborijini nayo ikaanza kufikiria kuwahamishia mbali, kando ya mto Murray, ili Coranderrk iuzwe. Mwaka wa 1874 Green alilazimika kujiuzulu. Karibu na wakati huo huo Wonga alifariki, na Barak akawa ngurungaeta, akiwa na umri wa miaka 50 hivi.

Silaha ya mzee huyu ilikuwa miguu yake. Kutoka Coranderrk mpaka Melbourne ni mwendo wa kilomita 60 au zaidi. Mara kwa mara, Barak na wenzake walitembea safari hiyo yote ili wasimame mbele ya mawaziri na kueleza shida zao ana kwa ana. Aidha, waliandika. Vijana waliosoma, kama Thomas Dunolly, waliyaweka malalamiko ya wazee katika Kiingereza safi, wakayatuma kwa mawaziri na kwa magazeti. Walipata marafiki pia, miongoni mwao Anne Bon, mjane wa Kiskoti mwenye shamba kubwa, ambaye hakuchoka kuwatetea mjini. Mwanasiasa Graham Berry, aliyepata kuwa waziri mkuu wa koloni la Victoria, naye aliwasikiliza.

Mwaka wa 1881 serikali iliunda tume kuchunguza hali ya Coranderrk. Lilikuwa jambo la nadra mno katika enzi hizo kwa Waaborijini kuitwa watoe ushahidi dhidi ya maofisa waliowatawala, na maneno yao yakaandikwa. Barak alipofika mbele ya tume hakuomba mengi. Alitaka watu wake waachwe walipo, arudishwe msimamizi waliyemwamini, na bodi iondolewe juu ya vichwa vyao ili wajiendeshee shamba lao wenyewe. Mwaka wa 1884 Coranderrk ilitangazwa kuwa hifadhi ya kudumu. Ulikuwa ushindi.

Lakini ushindi huo aliupata akiwa na jeraha moyoni. Katika miaka hiyo hiyo ya mapambano mwanawe David, mtoto wake pekee aliyekuwa amebaki, alifariki kwa kifua kikuu akiwa kijana. Barak alioa mara tatu katika maisha yake, na hakuacha mtoto hata mmoja. Kizazi cha Wawurundjeri wa leo chatokana na dada yake, Annie Borate, kupitia kwa mwanawe Robert Wandin, ambaye Barak alimwandaa kumrithi.

Mwaka wa 1886, Berry alipokuwa akiondoka kwenda London, Barak aliongoza ujumbe wa kumuaga kwa zawadi na shukrani. Mwaka huo huo bunge la Victoria lilipitisha sheria iliyowaamuru machotara wote ambao hawakuwa wamefikia umri wa miaka 34 waondoke katika vituo vya Waaborijini. Sheria hiyo ilijidai kuwasaidia kuchanganyika na Wazungu. Kwa hakika iliitenga mikono yenye nguvu na shamba, na watoto na wazee wao. Coranderrk ilibaki na wakongwe. Kisha ikasemwa kwamba wakongwe hawahitaji ardhi yote ile, na mwaka wa 1893 karibu nusu yake ikachukuliwa. Ndivyo hila inavyofanya kazi: humwondoa mlimaji, kisha hulilaumu shamba kwa kuwa pori.

Barak aliyapokeaje hayo? Alichora. Katika miaka yake ya mwisho, akitumia mkaa na udongo wa rangi pamoja na rangi za dukani, alizichora ngoma za watu wake, safu za wanaume wakicheza na wanawake wakipiga mdundo, wote wamevaa mavazi ya ngozi za posamu yenye nakshi. Alichora pia uwindaji na wanyama wa nchi yake. Ngoma hizo zilikuwa zimekwisha kukatazwa na wasimamizi wa vituo. Kwa hiyo aliyachora yale ambayo hakuruhusiwa tena kuyacheza. Leo kazi zake zimo katika makumbusho ya Melbourne na ya Ulaya. Mwezi wa Mei mwaka wa 2022, mchoro wake mmoja na ngao aliyoichonga vilipopigwa mnada New York, jamaa za Wawurundjeri walichangisha fedha, na kwa msaada wa serikali ya Victoria wakavinunua na kuvirudisha nyumbani. Msomaji atambue uzito wa jambo hilo. Wenye mali walilazimika kuinunua.

Jambo jingine alilolifanya lanigusa mimi hasa kwa sababu ya taaluma yangu. Kuanzia miaka ya 1880 alikaa na mtafiti Alfred Howitt, akamweleza lugha, koo, ndoa na sheria za watu wake, na mengi ya maelezo hayo yakaingia katika kitabu ambacho Howitt alikitoa mwaka wa 1904. Miongoni mwa mambo aliyomweleza ni habari za machimbo ya mawe ya shoka katika Mlima William, kaskazini mwa Melbourne. Mawe ya pale yalikuwa bora, na yalitafutwa na watu wa mbali sana. Lakini hapana aliyeruhusiwa kujichukulia. Ukoo mmoja ulikuwa mlinzi wa machimbo hayo, na katika utoto wa Barak ulinzi wake ulikuwa wa ami yake Billibellary. Aliyehitaji jiwe alituma mjumbe, akaleta kitu cha kubadilishana, kama vile vazi la ngozi za posamu, naye akapewa jiwe. Aliyechukua bila ruhusa aliitwa barazani akajieleze mbele ya pande zote mbili.

Nawaomba wanafunzi waisome tena aya hiyo polepole. Huo ndio ulinzi wa ardhi na maumbile yake unaotajwa katika maneno ya kukiri. Wengi huufikiria kuwa hisia ya kuipenda misitu na mito. Barak aliueleza kuwa ni sheria kamili, yenye mwenye dhamana, utaratibu wa maombi, malipo na mahakama. Nchi ile haikuwa tupu, wala haikuwa bila wenyewe. Mahakama Kuu ya Australia yenyewe ililikubali jambo hilo tarehe 3 Juni 1992 katika kesi iliyopewa jina la Eddie Mabo, mwana wa visiwa vya Mlango wa Torres, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hukumu.

Barak alifariki Coranderrk tarehe 15 Agosti 1903, akazikwa katika makaburi ya pale pale. Mwaka wa 1924 kituo kilifungwa na wengi wa waliobaki wakapelekwa mbali, Lake Tyers. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ardhi hiyo ikagawiwa askari waliorudi vitani, na sehemu ndogo ya Coranderrk ilirudi mikononi mwa Wawurundjeri mwaka wa 1998 tu. Nayo ilirudi kwa kununuliwa.

Na mjini Melbourne? Mwaka wa 2006 daraja la waendao kwa miguu lilipewa jina lake. Mwaka wa 2015 lilikamilika jengo la makazi lenye zaidi ya ghorofa 30, ambalo roshani zake zimepangwa hata zikafanya sura ya Barak ionekane kutoka mbali. Wapo wanaolisifu jengo hilo na wapo wanaoliona kuwa kejeli: uso wa mtu aliyetembea kwa miguu kuomba asinyang'anywe shamba, umewekwa juu ya nyumba ambazo huuzwa kwa bei ambayo wengi wa watu wake hawaimudu. Na mwezi wa Oktoba mwaka wa 2023 raia wa Australia walipoulizwa katika kura ya maoni iwapo wenyeji wa kwanza watambuliwe katika katiba kwa kupewa chombo cha kulishauri bunge, takriban asilimia 60 walikataa. Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapochoma.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba maneno ni bure, kwa sababu nimeona pia yanavyoweza kuzaa. Mwaka wa 2017 bunge la Victoria lilipitisha sheria ya kuulinda Mto Yarra ambayo jina lake limo pia katika Kiwoiwurrung: Wilip-gin Birrarung murron, maana yake, tuuweke Birrarung hai. Ilikuwa sheria ya kwanza katika jimbo hilo kupewa jina kwa lugha ya wenyeji. Inautambua mto kuwa kitu kimoja kilicho hai, inawataja wenyeji kuwa walinzi wake, na imeunda baraza la kuusemea ambamo Wawurundjeri wana viti. Jina ambalo mpima ardhi alikosa kulisikia mwaka wa 1835 lilirudi, miaka 182 baadaye, likiwa limeandikwa katika sheria.

Nami nikiyasoma hayo nashindwa kujidanganya kwamba ni habari za ng'ambo. Sheria ya Mfalme iliyomnyang'anya Barak ndiyo hiyo hiyo iliyotufikia sisi. Mwaka wa 1904 na wa 1911 Wamaasai walitia alama katika mikataba ambayo iliwatoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua jijini Nairobi kwamba Mwafrika ni mpangaji tu katika ardhi ya Mfalme, naye hukaa kwa hiari ya Mfalme. Jina la jiji hilo lenyewe ni la Kimaasai, latokana na maneno yenye maana ya maji baridi, na wangapi kati yetu huwafundisha watoto nani aliyeyanywa maji hayo kabla ya reli? Baada ya uhuru hali haikunyooka yenyewe. Ilibidi Waogiek wa msitu wa Mau waende mpaka Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika, ambayo mwaka wa 2017 iliamua kwamba serikali yetu, si ya Mfalme tena, ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza msituni. Mahakama ilikataa hoja kwamba wao ndio waharibifu wa msitu.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Kiswahili kina neno kukiri, nalo lina pande mbili. Mtu hukiri kosa, na mtu hukiri deni. Katika pande zote mbili, kukiri hakumalizi shauri. Kwa hakika ndipo shauri huanza, kwani aliyekana deni hawezi kudaiwa kwa amani, lakini aliyelikiri mbele ya mashahidi amejifunga. Mgeni wetu wa Melbourne, aliposema yale aliyoyasema, alijifunga mbele ya darasa zima. Kijana alikuwa na haki kabisa ya kumdai. Kosa lingekuwa kuridhika na maneno, au kumkataza asiyaseme.

Kiswahili kina neno jingine, mwenyeji, ambalo asili yake ni mwenye mji. Barak alizaliwa akiwa mwenye mji, akaishi miaka mingi akiomba kwa heshima awe walau mpangaji, na hakukubali hata siku moja kuitwa mgeni. Kila alipotembea zile kilomita 60 alikuwa akiwakumbusha mawaziri kwamba wao ndio walioingia bila kuitikiwa hodi.

Walimu wenzangu, tunapofungua muhula ujao, na tuwape wanafunzi wetu kazi ndogo. Waende kwa wazee, waulize kilima, kijito na uwanja wa shule viliitwaje zamani, na nani aliyeviita hivyo. Walete majina hayo darasani, tuyaandike ubaoni kwa tahajia iliyo sahihi. Na mwanafunzi akiuliza wenye majina hayo wako wapi leo, tusimnyamazishe.